Samaki Waliokubali Kukaa Pamoja

Kwetu Mkumbi samaki hakuwa na macho. Alipanda mlima mgongoni mwa watu wa ziwani akiwa amekaushwa kwa moshi, amepindwa mkia mpaka mdomoni, na pale palipokuwa na macho pamebaki vitobo viwili vyeusi. Mama yangu alimnusa, akamgonga kwa kidole kama anayebisha hodi, ndipo akakubali kutoa maharage yake. Basi mpaka naajiriwa ualimu nilikuwa sijamwona samaki anayepumua, na wala sikuona kwamba nimepungukiwa na kitu.

Kisha misheni ikanipeleka kufundisha ziwani. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, picha ya Malkia iko ukutani ofisini, na mwalimu wa kike alipewa somo moja bila kuulizwa: ushonaji. Niliuchukia ushonaji, nasema wazi. Vidole vyangu ni vya jembe, si vya sindano. Wasichana wa darasa la nne walishona pindo zilizonyooka kuliko zangu, nami niliwasahihisha hivyo hivyo kwa uso mkavu. Nilichokitamani ni somo la viumbe: mbegu, wadudu, ndege, maji, udongo. Mwalimu aliyelifundisha alikuwa amehamishwa, na nafasi yake ilikuwa wazi.

Tulioitaka nafasi hiyo tulikuwa wawili. Wa pili alikuwa mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa hapo hapo ufukweni, mtoto wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi, kiongozi wa kwaya, mwenye maneno ya kumwaga. Tulitaniana tangu siku ya kwanza aliponiona natetemeka kuingia mtumbwini.

"Mwalimu," aliniambia, "nyinyi wa milimani samaki mnamjua akishakuwa kuni."

"Na nyinyi wa ziwani," nikamjibu, "maharage mnayajua yakishaiva."

Waliokuwepo walicheka, tukaenda zetu darasani. Lakini utani ni utani na somo ni somo, na kila mmoja wetu alijua mwenzake anataka nini.

Sista Mkuu, aliyeongoza shule yetu, hakupenda kuonekana anapendelea. Siku moja meli ilishusha kasha kubwa lililojazwa majani makavu. Ndani yake mlikuwa na sanduku la kioo lenye fremu ya chuma, refu kama kitanda cha mtoto, zawadi kutoka misheni nyingine. Sista aliliona, akaona papo hapo kwamba amepata mwamuzi.

"Nataka wazazi wakija kwenye siku yao waone ziwa ndani ya darasa," alituambia. "Samaki wa aina mbalimbali, wazima, wanaokaa pamoja bila kuuana. Atakayeweza, somo la viumbe ni lake."

Siku ya wazazi ilikuwa baada ya mavuno, na mvua ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Zamu ya kwanza alipewa mwenzangu, kwa kuwa ziwa ni lake. Nilikasirika sana. Nilijua akifaulu mara ya kwanza zamu yangu haitafika, nami nitazeeka na pindo mkononi.

Aliingia ziwani na ndugu zake, akarudi na debe la samaki, akifuatwa na nusu ya shule. Ninamwona bado alivyowamimina kwenye kioo mmoja mmoja, anawasifia kama bibi harusi. Alileta magege wadogo wanono. Alileta mbasa mchanga aliyeng'aa kama kijiko kipya. Alileta dagaa wa kujaza nafasi, na kambale mmoja kijana kwa sababu masharubu yake yangewachekesha watoto. Kila mmoja wao alikuwa samaki mzuri. Lakini nilivyosikiliza zile sifa nikagundua kitu: huyu alichagua kama anayechagua kitoweo. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa anaishi na nani na anakula nini.

Dagaa walikufa kabla ya kengele ya chakula cha mchana, maana dagaa hataki kuguswa. Mbasa, aliyezoea kukimbia bila kukutana na ukuta, aligonga kioo kwa pua mpaka akalala ubavu. Asubuhi yake tulimkuta kambale peke yake, tumbo limemtuna, na mkia wa magege wa mwisho unachungulia mdomoni.

Mwenzangu alimtazama kwa muda, akakuna kichwa. "Basi chakula cha jioni kimejichagua chenyewe," alisema, akambeba kambale nyumbani kwa mkewe.

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Sasa zamu ilikuwa yangu, na mimi nikafanya kosa la mtu wa milimani. Upande wa kusini wa shule kulikuwa na majabali yaliyoingia ziwani, na kati yake waliishi samaki wadogo ambao watu waliwaita samaki wa mawe. Nilikwenda huko na wasichana wangu na vipande vya chandarua chakavu. Maji yalikuwa maangavu hata vidole vya miguu ukaviona. Sijui nieleze vipi rangi nilizoziona. Walikuwapo wa buluu wenye mistari myeusi, wa njano kama ua la boga, wa zambarau, wa rangi ya chungwa, na kati yao walipita wengi wa kahawia ambao sikuwajali. Nilichagua kama mwanamke anayechagua kanga dukani kwa Mhindi. Kila nilipoona kinachong'aa, nikasema, "Huyo!" Wahenga wameonya kwamba mchagua nazi hupata koroma, lakini kwetu minazi haioti, kwa hiyo onyo halikunifikia.

Nikatandika mchanga mweupe uliooshwa, nikaweka jiwe moja kubwa zuri katikati kama altare, nikawamimina samaki wangu. Shule nzima ilishangilia. Hata Sista alipiga makofi.

Samaki mmoja wa buluu alilitazama lile jiwe, akalizunguka, akalichukua. Kuanzia hapo sanduku lote likawa lake. Aliyepita mbele alifukuzwa, na aliyepita nyuma alifukuzwa. Wenzake walibanana kwenye kona ya juu, mapezi yamechanika kama bendera kuukuu, na asiyepata nafasi konani aliumwa mpaka akafa. Kila asubuhi niliokota maiti kwa kikombe.

"Wote madume, Mwalimu," mwenzangu aliniambia, mdomo umejaa kicheko. "Wanaong'aa ni madume. Umeleta jeshi."

Fahali wawili hawakai zizi moja, nami nilikuwa nimelijaza zizi fahali watupu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona hofu. Sista alikuja akamwona samaki anaelea. Hakukaripia. Alisema kila mmoja wetu ana zamu moja iliyobaki, nazo zikishindikana, sanduku litakwenda shule nyingine na somo la viumbe atalifundisha yeye mwenyewe.

Mwenzangu aliinua mikono. "Mimi zamu yangu nimeshaila," alisema, na hata Sista alishindwa kujizuia asicheke.

Kwa hiyo ikabaki moja, na ilikuwa yangu.

Likizo ya Pasaka nilipanda kwenda nyumbani na moyo mzito. Ilikuwa majira ya kupanda maharage, na kwetu kupanda maharage maana yake ni kulima ngolo. Asiyezijua nimweleze. Mlima wetu umesimama wima, mvua ikinyesha udongo wote unataka kushuka bondeni. Basi wanaume hufyeka nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatana mpaka kilima kizima kikagawanyika miraba. Kisha wanawake huingia na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo huo. Ukimaliza una mashimo mamia yaliyozungukwa na kingo, na mazao yanapandwa juu ya kingo. Kuna bwana shamba wa Kizungu aliyewahi kuja kuyapima mashimo yetu kwa kamba. Alipanda, akashuka, akapanda tena, akaondoka anatikisa kichwa kwa jinsi udongo ulivyotulia.

Mama yangu alikuwa fundi wa ngolo, na hakuwa na huruma. Tangu utotoni kila nilipomaliza mstari wangu, yeye alikuja nyuma akaurudia. Nilipokuwa mwalimu ndiyo ikawa mbaya zaidi. "Mkono wa chaki," aliniita, akipiga kingo zangu kwa kisigino zikabomoka. Sikumbuki kusifiwa shambani hata siku moja, na nilikuwa nimeshakata tamaa ya kusifiwa.

Likizo hiyo nililima kwa haraka, mawazo yako ziwani. Juu kabisa nikaacha shimo moja kubwa kupita kiasi, maana nilichoka. Mvua ilinyesha mchana ule ule. Tulijikinga chini ya majani ya migomba, na iliponyamaza mama alinishika mkono akanipeleka kwenye mstari wangu.

"Tazama," alisema. "Hili shimo umelifanya bwana. Likajaa maji ya wote, likavunja kingo, likamvunja wa chini yake, naye akamvunja mwenzake. Sasa geuka utazame kwangu."

Kwake kila shimo lilikuwa na maji yake. Mashimo yote yalikuwa madogo, yanalingana, na kila moja limetulia nyuma ya kingo zake. Hakuna lililomwaga kwa jirani.

Nilisimama na jembe, nikaanza kucheka. Nililiona akilini lile jiwe langu kubwa, altare yangu, na yule samaki wa buluu amelikalia. Mimi ndiye niliyemtawaza! Mama alidhani chaki imenipanda kichwani, akaniambia niache kucheka nizibe kingo. Nikaziba, lakini kicheko hakikuisha mpaka jioni.

Niliporudi ziwani nilimwaga kila kitu nikaanza upya. Lile jiwe kubwa nililibeba mwenyewe nikalitupa nje, na mlinzi wa shule akaligeuza kiti. Badala yake wasichana waliokota mawe ya ukubwa wa ngumi, vikapu kwa vikapu. Nikayapanga kutoka mchangani hadi karibu na uso wa maji, mstari juu ya mstari, na kila mawe manne yakazunguka shimo. Mashimo yote niliyalinganisha. Palipozidi pakubwa nilipunguza, na ukingo ulipolegea niliurudia. Nilisikia kisigino cha mama nyuma yangu wakati wote, na safari hii nilikishukuru.

Kisha nikakaa siku nyingi juu ya majabali bila kukamata kitu, natazama tu. Nilitaka kujua nani anakula nini. Wengi wa samaki wale hulamba utelezi wa kijani ulioota kwenye mawe, wanaukwangua kwa midomo kama watoto wanaokwangua ukoko wa ugali. Hao nikawachagua. Wenye midomo mirefu, niliowaona wakimeza vitoto vya wenzao, nikawaacha huko huko. Kambale hata jina lake sikutaka kulisikia.

Katika walamba utelezi nilichukua dume mmoja tu wa kila aina, na sikuchukua aina mbili zenye rangi moja, maana nilikwisha ona kwamba dume humchukia zaidi anayefanana naye. Kila dume nikampa majike kadhaa, wale wa kahawia niliowadharau mwanzo. Wote niliwalinganisha umbo, asiwepo wa kumwonea mwenzake kwa ukubwa. Na wote tuliwatia asubuhi moja. Hilo nililishikilia kwa ukali. Anayeingia kwanza hujiita mwenye nyumba, na wanaofuata anawahesabu wageni. Nami sikutaka awepo mwenyeji, nilitaka wote wawe wageni siku moja.

Dume wa buluu alikuwemo, mwingine lakini wa tabia ile ile. Alianza kumfukuza wa njano papo hapo. Wasichana walishika midomo. Wa njano akakata kona, akaingia shimoni, asionekane. Wa buluu akasimama, akatazama huku na huku, akamwona wa zambarau, akamfukuza naye, naye akapotea nyuma ya ukingo. Alihangaika hivyo mpaka mchana. Mwishowe akachoka, akaingia kwenye shimo lake, akakaa. Niliruka pale darasani kama mtoto, kiatu kikanitoka.

Kila siku tulibadilisha maji kidogo kwa debe, tukiyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Sanduku nililiweka dirishani penye jua la asubuhi, na mawe yakaanza kuota utelezi. Sista alikuja akaona kijani imeanza hata kwenye kioo, akaita wasichana walete sabuni.

"Sista, nakuomba," nilisema, nikasimama mbele ya sanduku na mikono imefunguka. "Hicho si uchafu. Hilo ndilo shamba lao."

Alinitazama, akaitazama mikono yangu, akawarudisha wasichana na sabuni yao. Nilikubali tu kioo cha mbele kifutwe kwa kitambaa.

Siku ya wazazi ilipokaribia nikapata hofu mpya. Jike mmoja wa kahawia aliacha kula. Alijificha kwenye shimo la kona, koo limevimba, mdomo ameufumba kama aliyenuna. Nilijua ugonjwa ukiingia kwenye maji yale wote watakwisha, na sikuwa na zamu nyingine. Nilichukua kikombe ili nimtoe. Mwenzangu alikuwa anapita mlangoni, akaona uso wangu, akaja. Aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu, bila utani.

"Mwalimu, weka kikombe," alisema polepole. "Huyo hajaugua. Ana watoto mdomoni. Hawa hulelea mdomoni." Kisha akanyooka, akavuta pumzi. "Na huku ziwani tunajua, samaki huyu penye vita hatagi."

Angeweza kunyamaza. Angeniacha nimtoe jike yule, nikawasumbua wote kabla ya siku yenyewe. Nilimwambia asante, nikaisema kwa moyo wote. Akajibu kwamba asante nimpelekee mkewe kwa kipimo cha maharage. Nilimpelekea.

Wazazi walikuja. Wa ziwani walifika kwa mitumbwi wakiwa na nguo za Jumapili. Wa milimani walifika na vumbi la safari, kutoka Mapera, kutoka Mpepai, wengine na mizigo ya maharage ili wasirudi mikono mitupu. Mama yangu alikuwa miongoni mwao, ingawa sikuwa na mtoto shuleni. Alisikia mkono wa chaki unafuga samaki, akaamua kuja kushuhudia.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Watu wa ziwani waliwatambua samaki wao wakawataja kwa majina ya Kinyasa, wakabishana. Wavuvi wazee waliosema wanamjua kila samaki waliinama wakatazama, maana samaki wa mawe walizoea kumwona kutoka juu tu, na sasa walimwona ubavuni kwa mara ya kwanza, analamba jiwe, anapepea mahali pake. Na wakati ule ule, kana kwamba alisubiri kadamnasi, yule jike wa kona alitoka shimoni akafumbua mdomo. Vitoto vikatoka, vidogo kama punje za mpunga, vina macho. Darasa zima lilipiga kelele. Dume wa buluu akageuka kuvielekea. Lakini vitoto vilikwisha tawanyika katika mianya ya mawe ambamo mdomo wake haungeingia. Akazunguka mara moja, akarudi kwake.

Mwenzangu alianza kupiga makofi, akaimba mstari wa vigelegele, kwaya yake ikampokea. Sista alinyanyua mkono akasema mbele ya wote kwamba kuanzia Jumatatu somo la viumbe ni langu. Nililia pale pale. Nilikuwa nimeshinda, nilijua nimeshinda, nami sikuona sababu ya kujificha.

Watu walipopungua mama alisogea. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia bila kunitazama. Alikuwa amebandika pua kwenye kioo. Samaki wa njano alikuja akasimama mbele yake, wakatazamana.

"Kumbe ana macho," alisema.

"Anayo, mama."

Lakini alikuwa ameshamwacha samaki. Jicho lake lilikuwa linapita juu ya mawe, mstari kwa mstari, kutoka juu mpaka mchangani, kama lilivyopita shambani kwangu maisha yangu yote. Nilijikuta nimeficha mikono nyuma. Alinyoosha kidole akafuata ukingo mmoja juu ya kioo, akafika konani, akarudi na wa chini yake.

"Ngolo hizi nani kalima?" aliuliza.

"Mimi, mama."

Alizitazama tena zote, hakuharakisha. Kisha akajitengeneza kanga begani.

"Hizi sirudii," alisema.